Nyeupe ya Bafta

Famau alikileta kioo begani, kimefungwa kwa blanketi,
akakipitisha ubavu kwenye kichochoro chetu cha Mkomani
ambako punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma.
Inchi ishirini na mbili, alisema, kama anayetaja mahari.
Ni mtumba, shangazi, lakini kizima.
Nikamwambia, basi tumefanana.

Akakikalisha mezani, akakaza skrubu tatu.
Ya nne haikuwamo; tundu lake akaliziba kwa karatasi ya sigara.
Waya akausukuma kwa kiganja, akautikisa,
"Tayari," akatoka mbio kuwahi boti ya Mokowe.
Hakutazama. Vijana hutengeneza vitu kwa masikio:
kikilia ti, kimepona.

Kabla hakijawaka nilijiona ndani yake:
mwanamke wa miaka sitini na moja, leso begani,
miwani imefungwa kwa uzi wa kofia,
na nyuma yangu uani kote, kamba ya nguo, paka.
Nikakigeuza. Si uso kwa mlango,
si mgongo kwa mlango. Ubavu,
kama mgeni asiyetaka kuonekana akila.
Paka akatoka. Nami nikatoka.

Shingo yake legevu. Kila nikiinua
kinarukuu, polepole, bila imamu.
Nikakiwekea mbuzi ya kukunia nazi kidevuni, ikazidi,
nikaiondoa, nikatia vibao viwili vya sanduku la tende
na gazeti lililokunjwa mara nne.
Hapo tukatazamana.

Kisha nikafungua kazi yangu.
Lahaula. Lile duara la utosi wa kofia, nililolichora siku tisa,
limelala kama yai la bata.
Nani Lamu hii ana kichwa cha yai?
(Ninao wawili, siwataji.)
Na nyeupe yake si nyeupe:
imetiwa buluu ya kufulia mpaka ikazidi,
kanzu ya mtu aliyechelewa Ijumaa.

Vitufe viko chini ya ukingo, vitano, havionekani.
Vizuri. Vidole hivi vimehesabu vitobo gizani
tangu taa za mafuta, Famau hajazaliwa.
Nikabonyeza cha pili. Cha tatu. Menyu ikageuka Kichina,
vijumba vidogo vidogo, kila kimoja kimefungwa kwa ndani.
Sikupiga hodi mara mbili.
Nikarudi kwa hesabu, kama anayefumua:
chini mara nne, kulia moja, bonyeza.
Kireno. Hawa nao, hawajaondoka?
Fumua tena. Chini. Bonyeza.
Kiingereza, hicho ninacho cha kuombea maji.
Kiswahili hakimo. Nilikitafuta; si uvivu.

Yai likajikusanya, likawa duara.
Nikachukua kipande cha bafta, nikakishika kando ya kioo,
nikapunguza buluu, nukta kwa nukta,
nyekundu ikapanda, ikazidi, ikashuka,
adhuhuri ikaadhiniwa, nikasali, nikarudi,
mwanga wa uani umehama, nikaanza upya,
mpaka sikujua bafta inaishia wapi
na kioo kinaanzia wapi.

Imebaki nukta moja, pembe ya juu kushoto,
nyekundu, haizimi, haisikii kitufe.
Nimeifuta kwa mate. Nimeikemea.
Sasa nimeusogeza mchoro wote mpaka ua la kwanza likaifikia:
hapo ndipo sindano itakapoingia.

Jioni Famau kakaa kitini, kapinda shingo,
kanyanyuka, kakaa tena.
"Shangazi, mbona kiko chini hivi?"
Lete kichwa chako, nikamwambia,
nikipime.